Mng'aro wa kasha si sababu ya kupandisha bei ya simu

Mnunuzi mzoefu wa simu iliyotumika haanzi kwa kuiwasha. Huigeuza kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye pembe zote nne, akatazama tundu la chaji, kisha akafungua mfuniko wa betri. Baada ya hapo ndipo bei inapotajwa. Baadhi ya wauzaji, katika vibanda vya Jang'ombe na hata katika maduka ya Darajani na Mlandege, wameisoma tabia hiyo, na matokeo yake ni biashara nyingine iliyozaliwa ndani ya biashara ya simu. Simu iliyochoka huvuliwa ganda lake la nje, ikavishwa jipya lililotoka kwenye pakiti ya nailoni, ikafutwafutwa na kurudishwa mezani kwa bei ya juu.

Ganda hilo la plastiki, ambalo mafundi wetu huliita hausingi na mimi katika makala haya nitaliita kasha, halimo katika hesabu za wanunuzi wengi. Mlaji huuliza juu ya memori, kamera, laini mbili, na betri inakaa siku ngapi. Kasha hulipitia kwa macho tu, likimeremeta, limepasi. Maoni yangu ni kwamba mng'aro na uimara ni vitu viwili, kila kimoja na gharama yake kiwandani, na kwamba soko la Unguja linalipia kile cha kwanza huku likidhani limenunua vyote viwili.

Wazee wa biashara watakumbuka kwamba kabla ya soko huria tatizo lilikuwa jingine kabisa. Kifaa cha mkononi kilikuwa redio, na redio zenyewe zilikuwa adimu. Bara kulikuwa na kiwanda cha Philips kule Arusha na cha Matsushita jijini Dar es Salaam, hiki cha pili kikijulikana zaidi kwa betri za National. Mlaji hakuwa na uchaguzi mkubwa wa kumchanganya. Mwaka 1984 na 1985 Zanzibar ilipolegeza masharti ya biashara na kuwaruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, mali kutoka Dubai ilijaa Darajani, na watu wa Bara wakawa wanavuka bahari kuja kununua rediokaseti na televisheni. Uchaguzi ukaja kwa wingi. Hapakuwa na mtu wa kumwambia mnunuzi kwamba rediokaseti mbili zinazofanana kwa sura zimemiminwa kwa plastiki mbili tofauti, kwa hiyo akajifunza kutegemea jina la kampuni. Haukupita muda majina yenyewe yakaanza kuigwa kwa kubadilishwa herufi moja.

Simu za mkononi zilipoingia, kulikuwa na kipindi ambacho kasha lilitendewa haki. Nokia 5110 ya mwaka 1998 ilitoka na kava la mbele ambalo mwenye simu aliweza kulibadilisha mwenyewe bila bisibisi, na 3310 ya mwaka 2000 ikaendelea na mtindo huo. Kisha ikaja 1100 mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Wengi wanaikumbuka kwa tochi yake. Mimi naitaja kwa sababu ya kibodi chake cha mpira wa kipande kimoja kilichozuia vumbi lisipenye, na mbavu zake zilizokwaruza kidogo ili isiteleze kwenye kiganja chenye jasho. Waliobuni simu ile walikuwa wanamfikiria mtumiaji wa nchi zenye joto na vumbi. Kubadilisha kasha wakati huo lilikuwa jambo la halali na la wazi. Kiwanda chenyewe ndicho kilichokuuzia. Leo kazi ile ile ya kubadilisha kasha imekuwa, kwa baadhi ya watu, njia ya kuficha umri wa mali.

Tuingie sasa ndani ya plastiki yenyewe, maana ndiko fedha inakopotelea.

Makasha mengi ya vifaa vya mkononi hutengenezwa kwa ABS, kwa polikaboneti, au kwa mchanganyiko wa hizo mbili. ABS ni muungano wa vitu vitatu: akrilonitrili inayoleta ugumu na kustahimili kemikali, butadini ambayo ni jamii ya mpira na ndiyo inayozuia kasha lisipasuke linapoanguka, na stairini inayoleta mng'aro na wepesi wa kumiminwa kwenye kalibu. Polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka 1953 Ujerumani na Marekani kwa wakati mmoja, hustahimili kishindo kuliko ABS, lakini ni ghali zaidi na hukwaruzika upesi. Chini kabisa ya ngazi ipo polistairini ya kawaida. Hiyo hung'aa kama kioo cha kabati, na huvunjika kama biskuti. Msomaji ataona mtego ulipo: plastiki rahisi kuliko zote katika kundi hili ni miongoni mwa zile zinazong'aa vizuri kuliko zote.

Kisha kuna mambo ambayo jicho haliyaoni kabisa. Kiwanda kinaweza kupunguza unene wa ukuta wa kasha kwa sehemu ndogo ya milimita na kuokoa fedha kwa kila maelfu ya makasha. Kinaweza kuchanganya plastiki iliyosagwa upya kutoka kwenye mabaki, ambayo kila ikiyeyushwa hupoteza sehemu ya nguvu zake. Mahali ambapo mikondo miwili ya plastiki ya moto hukutana ndani ya kalibu, hasa kuzunguka matundu ya skrubu na tundu la chaji, hubaki mshono dhaifu. Atakayechunguza simu zilizopasuka ataona ufa mara nyingi umeanzia hapo hapo.

Kitu cha kwanza kufa kwenye kitochi, kwa kawaida, ni mfuniko wa betri. Una ulimi mwembamba wa plastiki unaoshika kwenye mdomo wa kasha, na ulimi huo hukunjwa kila laini inapobadilishwa. Ukikatika, betri hucheza, simu hujizima yenyewe, na mwenye nayo huifunga kwa raba bendi au gundi ya karatasi. Redio za barazani zimefikia hali hiyo hiyo kwa miaka mingi: kifuniko cha betri kimepotea, kipande cha boksi kimeshindiliwa, na mpira wa tyubu ya baskeli umezungushwa kiunoni. Watu hucheka, lakini ile redio ndani ni nzima. Kilichokufa ni kipande cha plastiki kisicho na uzito hata wa sarafu, na hakuna duka linalokiuza peke yake.

Kuhusu umaliziaji wa nje, hali ya hewa ya visiwa vyetu ina ukali wake. Mtindo ulioshika sana ni ule wa kupaka juu ya plastiki tabaka laini linaloshikika kama mpira au kama ngozi. Dukani huvutia mno, na kifaa huonekana cha bei kubwa. Tabaka hilo kwa kawaida ni jamii ya poliurethani, na adui yake ni joto likichanganyika na unyevu. Maji yaliyomo hewani huvunja minyororo ya kemikali kidogo kidogo, mafuta na jasho la mikono huongeza kasi, na baada ya miaka michache kifaa huanza kunata kama halua iliyosahauliwa juani. Rimoti, kamera, redio ndogo na simu zote hupatwa na ugonjwa huu. Si uchafu, na kuosha kwa sabuni hakusaidii kitu. Fundi huishia kulikwangua tabaka lote kwa spiriti mpaka aifikie plastiki tupu iliyo chini, ambayo aghalabu ni imara kuliko lile pambo lililopakwa juu yake. Mteja, kwa maneno mengine, alilipia nyongeza iliyokuja kuwa hasara.

Rangi iliyopulizwa juu ina kasoro yake pia. Ikikwaruzwa na funguo mfukoni, rangi nyingine hutokeza chini. Kuna viwanda vilivyochagua njia tofauti: simu ya Nokia N9 na Lumia 800, zote za mwaka 2011, zilitengenezwa kwa polikaboneti iliyochanganywa rangi tangu ndani, hivyo mkwaruzo ulipotokea ulikuwa na rangi ile ile ya kasha. Mnunuzi wa Jang'ombe anaweza kulipima jambo hili bila maabara. Afungue mfuniko wa betri na kutazama upande wa ndani. Kama ndani ni kijivu na nje ni buluu ya kumeremeta, ile buluu ni koti tu. Kromu za pembeni ni hivyo hivyo: jasho lenye chumvi likishapata upenyo chini yake, hubanduka vipande vipande kama magamba ya samaki.

Hapa niweke jambo moja la kwetu. Mafuta ya karafuu, ambayo Zanzibar huyazalisha kwa makonyo katika kiwanda cha Pemba na kuyauza kwa watalii katika kila duka la viungo, hula plastiki za jamii ya polistairini. Ndiyo sababu wanaoyajua huyaweka kwenye chupa za kioo. Muuza viungo anayeshika simu kwa vidole vilivyolowa mafuta hayo asishangae kasha likififia na kutokeza nyufa za unywele. Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET nayo huyeyusha umaliziaji wa aina nyingi za plastiki, na petroli au thina anayoitumia fundi kusafishia huweza kupasua polikaboneti iliyokuwa haina kosa. Hata supaglu, mkombozi wa wengi, huacha ukungu mweupe kuzunguka ufa na kuufanya uonekane zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya urembo. Nawapinga kwa mfano wa kibodi. Tarakimu za vitochi vya bei ya chini huchapwa juu ya plastiki kwa wino, na wino hufutika. Simu ya gharama kidogo huwa na tarakimu zilizochongwa kwa miale ya leza au kumiminwa kwa plastiki ya rangi ya pili. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 na huduma nyingine kufuata, kibodi kimekuwa kaunta ya benki. Wakala wa fedha aliyezoea kazi hukumbuka vitufe kwa vidole, lakini mteja wake wa miaka sitini anayetumia kitochi kilichofutika saba na nane hutegemea bahati. Fedha ikishakwenda kwenye namba isiyo yake, kuirudisha ni shughuli. Muuza samaki anayelipwa kwa simu, mama wa urojo, dereva wa gari ya shamba, wote hawa simu yao ni kitendea kazi. Kwa lugha ya uhasibu ni mali ya kudumu ya biashara, na mali ya kudumu ina uchakavu.

Tufanye hesabu ya mfano tu, msomaji, kwa namba za kubuni. Tuseme simu ya kwanza inauzwa shilingi 40,000, na baada ya mwaka mmoja kasha limepasuka, kibodi kimefutika na hakuna atakayeinunua. Simu ya pili ni shilingi 65,000, inadumu miaka 3, na mwisho wake inauzwa 15,000 kwa sababu sura bado inapendeza. Uchakavu wa ile ya kwanza ni 40,000 kwa mwaka. Wa ile ya pili ni 50,000 igawanywe kwa 3, yaani chini kidogo ya 16,700 kwa mwaka. Aliyenunua rahisi amelipa zaidi ya mara mbili. Hata akiamua kununua kasha jipya kila mwaka kwa shilingi 8,000, bado ana nafuu kuliko kununua simu nyingine, kwa sharti kwamba kasha lenyewe linapatikana na si hafifu kuliko lile la kwanza. Sharti hilo ndilo gumu. Makasha ya pakiti kwa kawaida hayana jina la aliyeyatengeneza, matundu ya skrubu hayalingani sawasawa, na fundi hulazimika kukaza kwa nguvu. Nguzo ndogo za plastiki zinazoshika skrubu zikishalika nyuzi zake, simu haifungi tena.

Serikali imeshawahi kuingilia ubora wa simu, lakini kwa upande mmoja. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini kote. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2012. Wananchi walihimizwa kubonyeza *#06#, kupata namba ya utambulisho wa simu, na kuihakiki kwa ujumbe. Lilikuwa zoezi zuri. Hata hivyo namba ile hukaa ndani ya mashine, haikai kwenye plastiki. Simu halisi ya miaka mingi, iliyoanguka na kulowa, ikivishwa kasha jipya bandia hupita uhakiki huo bila wasiwasi wowote, kwa kuwa kilicho bandia ni sura tu. Dawa ya mnunuzi ni ndogo: alinganishe namba inayoonekana kwenye skrini na ile ya kibandiko kilicho chini ya betri na ya kwenye boksi. Kibandiko kikikosekana au namba zikitofautiana, aulize kasha limetoka wapi. Muuzaji mkweli atajibu, na bei ishuke.

Sina ugomvi na kubadilisha kasha. Mafundi wa Jang'ombe wanaookoa simu kwa hausingi ya bei nafuu wanaifanyia jamii kazi, na kila simu iliyookolewa ni plastiki ambayo haijatupwa katika kisiwa kilichopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006. Ugomvi wangu ni kunyamaza. Gari likipigwa rangi upya muuzaji huulizwa sababu. Simu nayo ipewe risiti yenye namba yake ya utambulisho na maneno mawili ya ziada: kasha limebadilishwa.

Kwa waagizaji wa simu mpya, ipo hoja ambayo Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) ingeweza kuifanyia kazi bila kujenga maabara ya mamilioni. Tangu tarehe 20 Juni 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinadai kwamba simu janja inayoingia sokoni kwao istahimili kuanguka mara 45 na kuendelea kufanya kazi. Lebo kwenye boksi huonyesha daraja la kustahimili kuanguka kwa herufi, na vipuri lazima viendelee kupatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kampuni zinazouza huko na hapa tayari zina majibu ya vipimo hivyo. Kinachohitajika ni kudai karatasi hiyo ije na mzigo na ibandikwe dukani. Modeli ambazo haziuzwi Ulaya, na hizo ndizo nyingi katika vibanda vyetu, zingetakiwa angalau zitaje kasha ni plastiki gani na kipuri kinapatikana kwa nani.

Najua jibu la wafanyabiashara. Watasema masharti hupandisha bei, na kwamba kitochi cha bei ya chini ndicho kilichomfikishia simu mtu aliyekuwa hana. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sipendekezi simu yoyote izuiwe bandarini. Aendelee kuuza rahisi anayetaka, na anunue rahisi anayeweza hicho tu. Lakini kutaja ubora wa bidhaa hakugharimu kama kuubadilisha, na mwenye shilingi 40,000 tu ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kuambiwa zitadumu muda gani.

Wenye maduka wanaojiandaa kuagiza mzigo wa Sikukuu kutoka Dubai au Guangzhou wanaweza kulijaribu hili bila kungoja kanuni. Katoni ya simu inapoagizwa, iagizwe pamoja na makasha na mifuniko ya betri ya modeli hiyo hiyo, kutoka kiwanda hicho hicho, tuseme makasha kumi kwa kila simu mia moja na mifuniko mara mbili ya hapo. Haichukui nafasi ya maana katika mzigo, na mteja atakayerudi mwakani kutafuta mfuniko huenda akaondoka na chaji pia.